Mkwe Wetu Serikali

Barua ya baba ilikaa siku kumi na moja kwenye faili la vichekesho, na aliyeitia humo ni mimi. Mama alikuwa mgonjwa, na barua ilikuwa ya kuniita nyumbani. Nayasema haya mwanzoni kabisa, asije mtu akacheka katikati halafu akanilaumu kwamba sikumwonya.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya Serikali pale Sumbawanga, enzi za Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa Ndugu. Mkubwa wetu naye alikuwa Ndugu, tena alilisisitiza sana jambo hilo, ila ukimwita Ndugu bila kusimama kwanza ulikuwa unatafuta uhamisho. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Mwazye, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, nimepanga chumba Milanzi, nimemaliza kidato cha nne na kupata daraja ambalo nilimtajia kila mtu, hata wale ambao hawakuniuliza. Kiingereza changu kilikuwa safi. Nililijua hilo, na nilihakikisha wenzangu hawalisahau.

Mwaka huo ulikuja waraka wa kututaka tuandike Kiswahili maofisini. Mkubwa aliupokea kwa moyo mkunjufu, akauambatanisha na maelezo yake mwenyewe kwa Kiingereza, kwamba utekelezwe mara moja, "with imediate affect". Neno moja lilikuwa limepungukiwa herufi, na jingine halikuwa lenyewe, lilikuwa ndugu yake. Niliyarekebisha yote mawili nilipokuwa nataipu, kama nilivyorekebisha makosa yake kila siku, kimya kimya, kama mama anavyomfuta mtoto kamasi mbele ya wageni. Kwa hiyo huko nje mkubwa wetu alisifika kwa Kiingereza chake kizuri, na yeye mwenyewe alianza kuamini.

Wa vijijini hawakuwa na mtu wa kuwafuta kamasi. Sijui nani aliwaambia kwamba Serikali husikia haraka zaidi ikisemeshwa Kiingereza, lakini kila kijiji cha ujamaa kilikuwa na mtu wake aliyewahi kufika darasa fulani, au kumpikia Mzungu, au kuchimba shaba ng'ambo ya mpaka, na huyo ndiye aliyeandika. Waliandika walivyosikia. Tatizo ni kwamba Kiingereza ni lugha inayoandikwa hivi na kusomwa vile, kama mgeni anayekuaga huku anaingia ndani.

Kijiji kimoja kilituomba magunia arobaini ya "fertility". Walitaka mbolea, ila neno walilolipata ni la uzazi, na wa uzazi hawakuwa na upungufu. Mwenyekiti mwingine alitujulisha kwamba katibu wake amelazwa hospitali kwa sababu ya "absence", yaani amelazwa kwa sababu ya kutokuwepo. Maskini alikuwa na jipu. Maneno hayo mawili kwa Kiingereza yanakaribiana masikioni, na aliyeandika hakuwa na kosa jingine zaidi ya kuwa na masikio.

Kazi ya kuzichambua barua ilikuwa yangu. Tarishi alizifungua, akazipiga muhuri wa tarehe nyuma, akaziweka kwenye trei yangu. Mimi nilitazama mstari wa kwanza. Zilizoandikwa vizuri zilikwenda kwa mkubwa siku hiyohiyo. Zilizochekesha niliziweka kwenye faili ambalo juu yake niliandika "Mengineyo", na Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne, wakati wa chai, nilizisoma kwa sauti na kuzitafsiri, watu wakavunjika mbavu. Baada ya chai ndipo zilipoingia kwa mkubwa. Hakuna aliyeniamuru kufanya hivyo. Ulikuwa ubunifu wangu. Wala hakuna aliyeuliza kama mbolea inaweza kusubiri mwisho wa mwezi.

Nyani haoni kundule. Nilizisoma nimevaa sketi, nimekaa kwenye benchi, faili mkononi. Sketi, benchi, faili: maneno yote hayo kuna mtu aliyasikia kwa Mzungu kabla sijazaliwa, akayatamka alivyoweza, nasi tukayaita Kiswahili sanifu. Waliowahi kukosea waliwekwa kwenye kamusi. Baba zetu waliochelewa kukosea waliwekwa kwenye Mengineyo.

Ijumaa ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa ulikuwa unapita chini ya mlango kana kwamba umeitwa kikaoni. Tulikuwa na masweta, birika la chai na maandazi. Mkubwa alikuwa amekaa kitini, karani wa mafaili pembeni yake, na tarishi wetu, mzee wa Kifipa aliyeajiriwa kabla ya Uhuru, alikuwa anakunywa chai yake amesimama mlangoni. Yeye hakuwa anacheka siku hizo za Ijumaa. Tulidhani ni kwa sababu hajui Kiingereza.

Barua ya tatu ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Ilipoingia nilikuwa nimeikunjua mkunjo mmoja tu, nikaona maneno "Deer Sir", nikacheka, nikaitupa kwenye faili. Aliyeandika alitaka kusema Mheshimiwa, akaandika Bwana Swala. Sasa niliikunjua yote nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu ya Ijumaa, nzito na ya taratibu, sauti ya mzee aliyevua kofia.

"I have the horner," nilisoma. Nikafafanua kwamba mzee alitaka kusema ana heshima, lakini kwa alivyoandika, ana mpiga pembe.

"Bwana Swala na pembe zake!" alisema karani, na chai ikampalia.

Niliendelea. "I am asking for my doter. Her mather is very sik and is coling her." Namwomba binti yangu. Mama yake anaumwa sana, anamwita.

Hapo ndipo nilipoiona herufi g. Mkia wake ulikuwa umegeukia upande usio wake, unaelekea kulia. Namfahamu mtu mmoja tu duniani aliyeandika g ya namna hiyo. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja migodini, alijifunza Kiingereza jikoni kwa masikio, na kuandika alijifunza kwa kunakili maandishi ya makopo. Ndiye aliyenifundisha herufi zangu za kwanza, kwa kijiti, kwenye vumbi la uwanja wetu, na shule ilichukua mwaka mzima kuugeuza mkia wa g yangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema maandazi yamenikaba. Nilisoma mpaka mwisho, tena kwa sauti ileile, kwa sababu kama ningenyamaza wangeuliza, na kama wangeuliza wangejua kwamba Bwana Pembe ni baba yangu. Niseme wazi: nilimwonea baba yangu aibu mbele ya watu ambao nusu yao hawakuweza kuandika barua kama ile.

"If the Govament is agri, I will bring her back misef. I am, yor fatha in low."

Serikali ikikubali, nitamrudisha mwenyewe. Ni mimi, mkwe wako. Kwenye kukubali alikuwa ameandika neno linalofanana na la kilimo, na karani hakuiacha nafasi hiyo impite. "Serikali ikiwa kilimo!" alipiga kelele. Mkubwa alijipangusa machozi. "Jamani, nimepata mkwe," alisema. "Hebu mniambie nimeoa wapi!"

Tarishi aliweka kikombe chake chini, akapiga makofi taratibu kama mtu anayeomba kusema mbele ya wakubwa.

"Ndugu Mkubwa," alisema, "mzee huyu hatanii. Sisi huku mtoto wa kike akishaolewa, humwiti tu kwamba njoo. Unakwenda kwa mume wake, kwa wakwe, unamwomba. Ukimwita mwenyewe umewadharau waliomchukua. Huyu mzee binti yake kachukuliwa na Serikali. Sasa anamwomba kwa Serikali. Na mkwe ukimwandikia unamwandikia kwa lugha ya heshima, hiyo ndiyo aliyonayo."

Kicheko kiliisha kidogokidogo.

"Binti gani?" aliuliza mkubwa.

Hilo halikuwa swali la kumsumbua mtu. Ofisi nzima ilikuwa na binti mmoja, naye alikuwa ameshika barua.

Mkubwa alinyoosha mkono, nikampa. Aliigeuza nyuma akautazama muhuri, akahesabu kwa midomo. Siku kumi na moja. Nilingoja anifokee. Ningependa sana angenifokea, maana alikuwa mtu wa kufoka hata kwa penseli iliyopotea. Hakufoka. Alivuta karatasi.

Nilisogea kwenye mashine nitaipu ombi la likizo ya dharura. "Acha hiyo," alisema. "Mkwe kaniandikia kwa mkono, namjibu kwa mkono." Aliandika mistari miwili kwa Kiingereza, akapiga muhuri wa tarehe, akanikabidhi bila bahasha. Serikali imekubali na inasikitika kwa ugonjwa wa mama, binti akae naye mpaka apone. Makosa yalikuwa matatu. Kalamu nilikuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliyaacha kama yalivyo.

Kesho yake asubuhi nilipata lori la familia moja ya wafanyabiashara Waislamu wa mjini, waliokuwa wanapeleka chumvi na dagaa wa Kipili vijijini. Dereva alinipa nafasi mbele kwa sababu alisikia nina mgonjwa. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomwambia mama kuhusu barua ile. Nilikuwa nimeshaitengeneza iwe kichekesho, mimi nikiwa mjinga wa kichekesho hicho, kwa kuwa mama alipenda sana kunicheka.

Tulifika Mwazye jua linaanza kuelekea magharibi. Kabla lori halijasimama niliona watu wamekaa chini uwanjani kwetu, wanaume upande mmoja karibu na moto, wanawake upande wa pili kwenye mikeka. Hakuna anayehitaji kidato cha nne kusoma jambo hilo.

Mama alikuwa amezikwa Alhamisi. Ijumaa, wakati mimi natoa sauti ya mzee aliyevua kofia, kaburi lilikuwa bado bichi.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilichuchumaa mbele yake, nikapiga makofi kama nilivyolelewa, nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama mikononi. "Wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu."

Nilimpa karatasi. Aliisoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye muhuri alikitua kidole pale. Halafu akawaita wajomba na mashemeji wakasogea, akawatafsiria kwa Kifipa. Serikali imekubali. Serikali inasikitika. Hakukosea hata neno moja.

"Si mkwe mbaya," aliwaambia. "Kajibu kwa mkono wake mwenyewe. Nchi ni kubwa, kazi nyingi. Tangu lori lilipoipeleka barua yangu mpaka muhuri huu, siku kumi na moja si nyingi."

Wajomba waliitikia kwamba kweli, si nyingi. Mjomba mmoja akaongeza kwamba yeye aliwahi kuingoja Serikali miaka miwili.

Walipoondoka baba aliikunja ile karatasi mkunjo baada ya mkunjo mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu baada ya kengele: "Ile yangu waliielewa? Nilikosea mahali?"

"Hapana, baba. Hukukosea."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. "Nilikuwa na wasiwasi labda nimekosea, ndiyo maana wanakawia. Mama yako alikuwa anauliza kila lori likipita. Nikawa namwambia, tulia, Serikali haijajibu."

Nililia, na wanawake kwenye mikeka wakafikiri namlilia mama peke yake.

Mwezi uliofuata, niliporudi kazini, nilikuta faili la Mengineyo mezani pangu, tupu. Tarishi alikuwa amezipeleka barua zote kwa mkubwa, na karani alinisalimia kwa upole usio wa kawaida yake. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza habari za mkwe wake, nami nilimwambia mkwe hajambo. Wageni wakija alieleza jinsi mke wake alivyokufa akimngoja binti, na jinsi Serikali ilivyochelewa lakini ikaomba radhi kwa maandishi.

Serikali ya wakati ule imelaumiwa kwa mengi, na mengine ilistahili. Hili la siku kumi na moja baba alikwenda nalo kaburini akiwa ameliandika kwa jina la Serikali, na mimi, niliyemsahihisha kila mtu, sikulisahihisha.