Kamba ya Mutamba

Sisi watu wa Beni tunamjua mbuzi. Mahari yetu ni mbuzi, zawadi ya mjomba ni mbuzi, hata ugomvi wa majirani mara nyingi ni wa mbuzi aliyeingia kwenye maharagwe. Ng'ombe tulikuwa tunakutana naye kwenye sahani tu, siku ya Noeli.

Kwa hiyo baba yangu alipowaambia wazazi wa mchumba wangu kwamba, juu ya mbuzi, anataka na mtamba mmoja, mama aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya jioni, akamtazama kama mtu mwenye homa.

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa hata mara moja. Akishazaa, jina hilo linamtoka, halimrudii tena. Kule milimani, juu ya Butembo, kwa watu wa mchumba wangu, wanasema mutamba, na wanalisema polepole, kwa heshima. Baba alilisikia kwa wauza jibini sokoni, likamkaa rohoni. Alitaka mnyama ambaye watoto wake wote watazaliwa uani kwetu, Mulekera, na si kwingine.

Siku ya mahari akashushwa kutoka kwenye lori ng'ombe mwekundu, tumbo kubwa, amechoka na mashimo ya barabara. Mjomba wangu alimfungua mdomo akahesabu meno, maana ndivyo tunavyopima mbuzi. Kisha akampiga tumbo kofi la kirafiki.

“Huyu bamemulisha muzuri! Muangalie mafuta!”

Watu wote wakamsifu kwa unene wake. Baba mkwe alitabasamu tu.

Mimi nilikuwa chumbani na shangazi, nachungulia kwenye pazia. Kwetu bibi arusi haonekani wala hasikiki mpaka baba yake apokee mahari, na kupokea ni kushika kamba. Kabla ya hapo mnyama bado ni wa waliomleta. Lakini kwanza maombi, na pastere wetu hana maombi mafupi. Alianzia kwa Adamu. Alikuwa amefika kwa Isaka na Rebeka, watu wote wamefumba macho isipokuwa mimi, ng'ombe akalala chini, akakaza mwili, na nyuma yake zikatokea kwato mbili ndogo.

Mjomba alifumbua jicho moja.

“Pastere, ngojea! Huyu ngombe anazala!”

Baba mkwe akajishika kichwa. “Ilibakia mwezi muzima! Ni barabara imemutikisa. Nilitaka ikuwe surprise.”

“Surprise gani?” Mjomba hakuwa na mchezo. “Tuliomba mutamba. Akizala papa hajakamata kamba, hapana tena mutamba. Mutarudi naye, mutatuletea mwingine.”

Kurudi! Yaani wapande tena milimani, watafute mtamba mwingine, kisha mvua, kisha lori likwame, kisha kanisa litupe tarehe mpya. Nilikuwa nimemngoja kijana yule miaka mitatu, tangu akiwa mwanafunzi Butembo, na sasa naambiwa nimngojee ng'ombe. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

Na baba yangu? Baba amesimama hatua tano kutoka kwenye kamba, macho amefumba. Yeye ni shemasi. Maishani mwake hajawahi kufumbua macho kabla ya Amina, na Amina ilikuwa bado.

Nikavuta pazia.

“Pastere, sema Amina! Papa, kamata kamba!”

Shangazi alinifunika mdomo kwa viganja viwili, lakini maneno yalikuwa yameshafika uani. “Amina!” akasema pastere, akamwacha Rebeka kisimani. Baba alifumbua macho, akaruka benchi, akapiga teke kreti ya sucré, soda za wageni, akaikamata kamba. Alikuwa hajaizungusha vizuri mkononi, ndama akateleza chini, akaanguka kwenye majani.

“Amekamata!” Mjomba aliinua mikono juu. “Alikamata mutamba! Na mutoto ni wetu!”

Vigelegele vikalia mpaka kwa majirani. Mchumba wangu alikuwa anacheka huku anajifuta machozi, na baba yake anamkumbatia mjomba.

Wakaniita. Nilitoka nimeinamisha kichwa, nikijua nitakemewa, maana bibi arusi aliyepiga kelele dirishani nilikuwa sijamsikia bado. Baba alisimama kwenye matope, suruali imelowa, kamba ameizungusha kwenye ngumi. Alikuwa anacheka. Nilipomkaribia akaacha kucheka.

“Kumbe uko na haraka hivi ya kutoka kwangu?” akaniuliza, kwa sauti ya chini.

Siku nzima nilikuwa na furaha tele, na sikuwa nimemfikiria yeye hata mara moja. Nikaishika ile kamba, mkono wangu karibu na wake, tukasimama hivyo tukimtazama ng'ombe wetu akimlamba mwanawe. Ndama akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena, akasimama, na baba akacheka kwa sauti kuliko watu wote, bila kuachia kamba.