Nilivyomfundisha Neema Kuamkia

Mpaka leo nikikutana na baba mkwe naangalia chini.

Binti yangu Neema alichelewa kuongea, kwa hiyo kila asubuhi nilimfundisha: “Sema shikamoo!” Siku alipolitamka neno lenyewe, nikampigia simu mzee kule Maretadu, nikajigamba weee. Jumapili akaja hadi kwetu Dongobesh amsikie mjukuu wake.

Hata hajamaliza kushuka kwenye bodaboda, mimi bwege nikamsukuma mtoto mbele. Neema akamnyooshea babu yake kidole.

“Sema shikamoo!”

Majirani wakaangua kicheko. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kumkaripia mtoto, mzee akanizuia.

“Mwache, baba Neema, anakukumbusha. Tangu nifike, wewe mwenyewe hujaniamkia.”