Kipande Kilichonenepa

Mume wangu anaitwa Mganga wa Vyuma, na niliyempa jina hilo ni mimi, kwa hasira. Miaka thelathini na moja kazi yake maabara imekuwa kuchovya vipande vya aloi, yaani vyuma vya mchanganyiko, vidogo kama sabuni za hotelini, ndani ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kuviacha humo miezi, kisha kuvipima vimeliwa kiasi gani. Wanatafuta chuma kitakachovumilia ndani ya mitambo ya kuunganisha atomi, ile ya kutoa umeme kwa namna jua lenyewe linavyowaka. Vyote alivyochovya vililiwa. Ijumaa alikuwa anastaafu, na hamu yake ilikuwa moja tu: aone japo kimoja kimetoka salama.

Jumatatu akatoa cha mwisho, namba mia nne na kumi na mbili. Akakipima. Hakikupungua hata kidogo. Kiliongezeka miligramu tisa! Bosi wake akapiga makofi, akaita idara nzima, akaanza kuandika ripoti yenye jina la mume wangu juu kabisa.

Nyumbani, mwenyewe hakugusa chakula.

"Baba watoto, umefiwa?"

"Chuma hakinenepi, mama watoto. Kuna risasi imeganda juu yake. Tunaosha kwa dawa mara tatu, na mimi nimeosha mara mbili."

"Ya tatu ilikushinda nini?"

Akaniangalia. "Ulipiga simu."

Kweli, nilipiga. Nilitaka kujua ameificha wapi rimoti, na rimoti yenyewe nilikuwa nimeikalia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na mimi nikiona aibu huwa mkali.

"Sasa nani atajua? Funga mdomo, staafu kwa raha zako!"

"Mtambo utajua," akasema, akaenda kulala na njaa yake.

Asubuhi nilimfuata maabara, eti nampelekea miwani. Nia yangu ilikuwa kumzuia. Nikamkuta ameshavaa glavu, bosi na wenzake wamemzunguka. Akakiosha kile kipande mara ya tatu, akakikausha, akakiweka kwenye mizani. Namba zikashuka, zikazidi kushuka. Miligramu arobaini zilikuwa zimeliwa. Kilikuwa kimefeli kama wenzake wote.

"Nani kakutuma uoshe tena?" bosi akauliza, uso umemshuka.

"Hakuna aliyenituma. Tena mke wangu aliniambia nifunge mdomo."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitaka kumfinya yule mwanamume, na papo hapo nilijivunia kuwa ni wangu.

Bosi akaifuta ripoti, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, utatuwia radhi. Ijumaa huyu haondoki. Tuachie mwaka mmoja zaidi, awafundishe vijana kuosha."

Mwaka mzima! Na mimi nilishahesabu siku za kukaa naye nyumbani. Nikaitikia kwa kichwa. Ningekataa kwa uso gani?