Vikaratasi vya Mwalimu Nusu

Alipoletwa kwetu alikuwa na begi la kitambaa, viatu jozi moja na barua ya chuo cha ualimu. Barua ilisema asubuhi afanye mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi ya jirani, na mchana aje kwenye kikundi chetu cha ushonaji atufundishe kusoma sisi watu wazima. Wiki kumi. Wiki ya nane mkaguzi wa chuo angekuja kumtazama.

Wanawake kumi na wanne tulimtazama kabla ya huyo mkaguzi. Mwembamba kama sindano. Nikamwita Mwalimu Nusu, kwa kuwa nusu ya siku alikuwa wa watoto na nusu alikuwa wetu, na pia, niseme kweli, kwa kuwa nilimwona hajatimia.

"Nusu si haba, bibi," akanijibu. "Chuoni wananiita Robo."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, ila nilimhesabia moja moyoni.

Habari zake tulizipata kwa vipande, maana hakuwa mtu wa kujieleza. Baba yake alikuwa mwashi, akaanguka kutoka juu ya jengo, akaumia kiuno asiinuke tena. Yeye ndiye mkubwa kati ya watoto watano. Mwaka uliopita alipelekwa shule nyingine kwa mazoezi kama haya. Mkaguzi alipoingia, sauti ikamkauka. Alisimama mbele ya watoto arobaini, hata "hamjambo" haikutoka. Akaandikiwa ameshindwa. Chuo kilimpa nafasi ya pili, na ya tatu haipo.

"Nikianguka hapa, mama," alimwambia Mwenyekiti wa kikundi, "ualimu basi. Narudi nyumbani kuchanganya zege."

Mimi nilikuwa nakaa nyuma, kwenye cherehani yangu. Nilisema nimekuja kulinda vitambaa, si kusoma. Nikiitwa ubaoni, miwani nimeisahau. Wiki mbili nzima niliisahau. Mtu uliyeshona tangu ujana, ukaheshimiwa mtaa mzima, usimame sasa ugugumie "ba be bi" mbele ya watu? Thubutu!

Hakubishana nami. Siku moja alinijia na nguo za wateja, kila moja kaibana kikaratasi kwa pini.

"Bibi, nisaidie. Nguo zinachanganyika. Zipange kwa majina."

"Unaniona mtoto?"

"Nakuona fundi. Nguo ya mtu ikienda kwa mwingine, watamlaumu nani? Mimi mgeni?"

Vilikuwa vinne tu: Dereva. Muuguzi. Mama wa duka. Kinyozi. Alisimama karibu yangu, akapitisha kidole chini ya herufi akisoma polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Kesho yake vilikuwa saba. Baadaye vikaja na vipimo, halafu maneno mazima: "Mama wa duka anataka mikono mirefu, vifungo hataki." Wenzangu walikuwa wanainamia madaftari yao, wakidhani napanga nguo. Kufika wiki ya nane nilikuwa namgombeza kwa mwandiko mbaya. Siri hiyo tuliijua wawili.

Ijumaa kabla ya ukaguzi aliandika ubaoni mistari sita, akasema hiyo ndiyo tutakayosoma Jumatatu, tuizoee. Kipindi kilipokwisha akaenda zake. Hapo Mwenyekiti akafunga mlango.

"Jamani, mtoto wa watu asije akaanguka mikononi mwetu. Tuishike yote kichwani."

Mjukuu wake akaitwa atusomee. Mtu asiyejua kuandika kichwa chake ndicho daftari lake, na wale wanawake walikuwa na vichwa! Waliweza kukurudishia salamu za msiba neno kwa neno mwaka mzima baadaye. Ilipofika Jumapili jioni, wote kumi na watatu walikuwa nayo. Kwao kusoma kulikuwa kutoa maneno bila kukwama, basi wangesoma kuliko mahakimu.

"Mimi si kasuku," nikasema.

"Basi kaa na cherehani yako ukae kimya, usituharibie," Mwenyekiti akanijibu.

Mkaguzi alikuja saa nane, mwanaume mnene mwenye faili, akaketi kwenye benchi la wateja. Mwalimu Nusu akatundika karatasi kubwa yenye mistari ileile sita. "Habari za mchana," akasema, na sauti ikatoka, nyembamba, lakini ikatoka. Nikashusha pumzi.

Wakaanza kusoma. Maneno yalimiminika kama maji ya bomba. Kila aliyeitwa alimaliza hajavuta pumzi, na mkaguzi, badala ya kufurahi, akawa anakunja uso. Mwenyekiti ndiye aliyetuponza: alisoma huku amemgeuzia mkaguzi uso, anatabasamu.

Mkaguzi akainuka. Akaweka kalamu kwenye mstari wa nne. "Mama, soma hapa."

"Pima kitambaa mara mbili, kata mara moja..."

"Huo ni wa kwanza. Nimesema hapa."

"Ndiyo, baba, naanzia mwanzo ili nifike hapo."

Akamwita mwingine, mwendo uleule. Akaitundua karatasi akaikunja, na yule aliyekuwa amesimama, kwa hofu, akaendelea kusoma ukuta mtupu.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "umewakaririsha hawa watu?"

Mwalimu Nusu akafungua mdomo. Kimya. Alitutazama, akaelewa tulichofanya, na bado hakututaja. Sijui ni sauti iliyomkataa au ni yeye aliyeikataa. Mkaguzi akangoja, kisha akaketi, akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Nikasimama.

"Mkaguzi, mimi sijaitwa."

"Na wewe unaanzia mwanzo?"

"Nipe kitu ambacho humu ndani hakuna aliyekiona."

"Sina kitu hicho."

"Unacho mkononi."

Akaifunika fomu aliyokuwa akiijaza kwa kiganja. "Hii ni siri ya ofisi, bibi."

"Kama sijui kusoma, siri yako ina wasiwasi gani?"

Akakiondoa kiganja. Kisha akanipa.

Nikaweka kidole. "Da-ra-sa li-me-ka-ri-ri." Jasho lilinitoka. Wenzangu hawakuwahi kunisikia nikikwama, na sasa nilikwama kila hatua. "Mwa-li-mu a-na-shu-ki-wa kwa u-da... uda-nya..." Nikarudi nyuma. Nikakosea tena. Nikarudi. "Udanganyifu." Nyuma yangu mtu alisema "Mungu wangu". Sikunyanyua kichwa. "Ha-ku-na da-li-li kwa-mba ha-ta m-mo-ja a-me-ji-fu-nza ku-so-ma."

Nikamrudishia fomu yake.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Huyo unayemshuku."

"Kwa kitabu gani?"

Nikamletea kikapu nilimotunza vikaratasi vyake. Alivichambua kimoja kimoja, vya neno moja hadi vya mistari mitatu. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoangua kilio: "Baba, ni sisi! Tulikariri wenyewe. Mtoto hakujua, haki ya Mungu."

Mkaguzi akamgeukia Mwalimu Nusu. "Ulijua?"

Tulingoja.

"Sikujua," akasema, kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini nilipaswa kujua. Nilisikiliza midomo yao, sikutazama macho yao. Hilo ni kosa langu."

Mkaguzi akakata mistari yake mitatu, akaandika upya, safari hii akaisoma kwa sauti: amefaulu, kwa alama za chini, na wiki mbili zilizobaki kila mwanamke apewe maandishi yake peke yake, yasiyofanana na ya mwenzake.

Alipoondoka, Mwalimu Nusu hakurukaruka. Aliketi juu ya marobota ya vitambaa, akavua viatu, akawa anapumua tu. Mwenyekiti akaenda kumwomba radhi, akamkuta tayari anakatakata karatasi.

"Hii ni yako, mama. Kesho."

Mwenyekiti akaigeuza huku na huku. "Maneno matatu tu? Mimi niliyetoa mistari sita?"

"Matatu. Na mjukuu wako asikusaidie."

Yalimchukua siku nne. Alilaani, alitoka nje, alirudi, akadai karatasi imeandikwa vibaya. Mwalimu Nusu alisimama pembeni, anamtazama macho.