Sifuri Niliyoifuta

Mwalimu wa fizikia alitupa swali moja, akasema atakayelipata Jumatatu ataenda mashindano ya sayansi mjini Ogembo. Jirani yangu wa dawati aliitaka nafasi hiyo sana, maana hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Ijumaa akaja nami hadi kwetu nimsaidie. Yeye ni Mkatoliki. Sisi ni Wasabato, na jua likizama Ijumaa vitabu hufungwa.

"Jua hilo linaenda!" mama akaita kutoka jikoni.

Swali lilikuwa hili: koili ya mizunguko hamsini imelala sambamba na uga wa sumaku. Tafuta nguvu ya kuizungusha. Unazidisha mizunguko, mkondo wa umeme, eneo na uga, kisha sine ya pembe. Kwa haraka nikachukua pembe kati ya uga na koili yenyewe. Hiyo ni digrii sifuri, kwa hivyo jibu likawa sifuri. Akanakili, akanishukuru.

Jumapili ndipo nikaona kosa. Pembe hupimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso wa koili. Ni digrii tisini, na kwa namba tulizopewa jibu ni moja. Nikafuta langu. Nitamwambia asubuhi, nikajisemea. Asubuhi akaja anacheka, na mimi nikanyamaza. Nilitaka Ogembo pia. Ndiyo hiyo sababu, nimeiandika.

Yeye ndiye aliyeitwa ubaoni kwanza. Akaandika sifuri kubwa.

"Kwa hivyo mota ya kinu cha unga hapo sokoni haizunguki?" mwalimu akauliza.

"Leo hakuna ugali, jamani!" mtu akapaza sauti nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Nani alikufunza hivi?"

Akaangalia chini. "Ni mimi tu, mwalimu."

Kisha nikaitwa mimi. Nikaandika moja. Mwalimu akasema, "Huyu ndiye wa Ogembo," wakanipigia makofi.

Niliporudi dawatini, daftari langu lilikuwa wazi. Jirani yangu alikuwa ameweka kidole pale karatasi ilipokwaruzika kwa kufutwa. Sifuri bado ilionekana.

"Ulijua lini?" akauliza polepole.

"Jana."

"Jana. Na asubuhi tumetembea pamoja kutoka geti."

Mwalimu alikuwa bado mbele. Ningesimama tu, niseme maneno matatu. Nikalifunga daftari.

Leo amehamia dawati la nyuma, karibu na wale waliomcheka. Naenda Ogembo Alhamisi. Mama ameshaliambia kanisa zima.