Beji Safi

Mtaani walimwita Atomiki. Jina lilianza siku ilipojulikana kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa nyuklia. Mwenye duka la kona alimuuliza, uso mkavu kabisa, kama anaweza kumtengenezea kabomu kadogo ka panya. Binti alicheka, akaeleza kwamba ni mambo ya kuzalisha umeme na kutibu wagonjwa, lakini nani alikuwa na habari naye? Jina likaganda.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama yake, mjane, fundi cherehani aliyeshona sare za shule tatu za jirani. Mama hakujua nyuklia ni nini, na hilo halikumzuia kuieleza. "Ni umeme mkubwa," aliwaambia wateja huku akikata uzi kwa meno. "Siyo huu wa kukatikakatika. Ule hasa ndio anaosomea mwanangu." Koti jeupe la maabara alilishona mwenyewe, akalitia mfuko mdogo kifuani, kwa kuwa binti alimwambia kuna beji ya kupimia mionzi inayokaa hapo. Beji hiyo haiwaki wala hailii, binti alimweleza. Inakusanya kimyakimya mionzi yote inayompata mtu, na mwisho wa muhula inaingizwa kwenye mashine ili isomwe.

Mwaka wa pili mama akavimba shingo. Wakaambiwa ni saratani ya tezi. Akapasuliwa, tezi ikatolewa, kisha akapewa dozi ya iodini yenye mionzi ili iue mabaki ya ugonjwa. Siku ya kumruhusu, daktari aliwaambia mambo machache tu: mgonjwa alale peke yake kwa wiki moja, watu wakae mbali naye kiasi cha mita mbili, na baada ya hapo aishi na wenzake kama kawaida.

Hapo sasa ndipo elimu ilipoingia, na laiti ingebaki chuoni. Atomiki alikuwa likizo, na katika muhula uliokuwa ndio kwanza umekwisha walikuwa wamefundishwa nusu-uhai, yaani muda ambao mionzi ya kitu inapungua na kubaki nusu. Kwa iodini ile ni siku nane. Wiki moja? Si hata nusu yenyewe itakuwa haijaisha? Akaona daktari kafanya mambo kwa haraka haraka. Akapiga hesabu zake, akaongeza kidogo kwa usalama, na ile wiki ya daktari ikazidi mwezi.

Mama mdogo, aliyekuja kumuuguza dada yake, akaguna. "Lakini daktari si kasema wiki?"

"Mama mdogo, haya ndiyo ninayosomea."

Neno hilo likafunga mjadala. Katika nyumba ile hapakuwa na mwingine aliyemaliza sekondari.

Akachukua futi ya mama, ile ya kupimia viuno vya wateja, akailaza sakafuni mara mbili kuanzia kitandani. Zikawa mita tatu. Akapiga mstari kwa chaki ya kushonea. Sahani ya mama ikawa ya peke yake, inawekwa kwenye mstari, mama anainuka kuifuata. Na kifuani pake mwenyewe, juu ya gauni la nyumbani, Atomiki akabandika beji yake. Ilikuwa marufuku kuitoa maabara, lakini alikuwa ameondoka nayo kwa kusahau, na sasa akaona afadhali iwepo. Tuseme ukweli: binti huyu alimpenda mama yake na alimwogopa, vyote kwa wakati mmoja.

Mama wa watu alitii. Tena mwanzoni alitii kwa maringo. Jirani akija kumjulia hali, kabla hajafungua mdomo mama alimuwahi kutoka kitandani: "Simama hapo hapo kwenye mstari. Injinia kapiga hesabu." Jirani alisimama, mama akatabasamu kama aliyepewa zawadi.

Wiki ya daktari ikapita, ikapita na ya pili. Kikohozi kikaanza. Mchana mmoja mama akamwita. "Njoo unichane nywele. Nikiinua mkono, kidonda kinavuta."

"Bado kidogo, Mama."

"Sogea basi unishike mkono tu."

"Mama, bado. Nivumilie."

Mama akamtazama pale kwenye mstari, akacheka. "Kumbe nimesomesha mtu aje anikimbie." Atomiki naye akacheka, maana lilisemwa kwa utani, na akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mama mdogo hakuwa na subira hiyo. Alingoja Atomiki aende sokoni, akavuka mstari na kitana chake, akamchana dada yake na kumsuka. Atomiki aliporudi na kuona ile misuko, alinuna hadi jioni.

Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni. Asubuhi moja mama akakosa pumzi. Dereva wa teksi na mama mdogo wakambeba hadi garini, na mama mdogo akakaa nyuma, kichwa cha dada yake mapajani. Atomiki akakaa mbele na dereva, dirisha wazi, kwa sababu hesabu yake ilikuwa haijaisha. Njia nzima alisikia ile pumzi nyuma yake, na alikuwa akigeuka kutazama, lakini mkono hakuunyoosha. Kabla hawajafika hospitali mama mdogo akasema, "Amenyamaza."

Chuo kilipofunguliwa, baada ya mazishi, mwalimu wao, mwanamama mchangamfu, akaandika ubaoni mfano wa mgonjwa aliyepewa iodini. Muhula uliopita, akasema, tulihesabu kana kwamba dawa iko kwenye chupa. Lakini mtu si chupa. Mwili nao haukai bure, unaitoa dawa kwa mkojo na jasho, na kwa mgonjwa aliyekatwa tezi, nyingi inatoka katika siku chache za mwanzo. "Ndiyo maana madaktari wanasema wiki moja," akamalizia, akafuta ubao. Atomiki hakuhitaji kupiga hesabu. Siku ile mama alipoomba kuchanwa nywele, hakukuwa na kitu cha kuogopa.

Alipotoka darasani alikwenda moja kwa moja kwa mzee anayetunza beji, akaweka yake mezani, akakiri kwamba alikwenda nayo nyumbani na kwamba mama yake alikuwa amepewa iodini. Mzee akamkaripia kidogo, akaiingiza kwenye mashine. Akasoma, uso ukamkunjuka.

"Umepona, binti yangu. Safi kabisa. Yaani ni kama hukumsogelea hata mara moja."

"Hakuna hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Machozi yakaanza kumtoka. Mzee akadhani ni hofu, akamvutia kiti.

"Naomba uisome tena," Atomiki akasema.

Mzee, kwa kumhurumia, akairudisha kwenye mashine. Wakasubiri.

"Safi," akasema.