Mgomba Uliovikwa Koti la Mjomba

Mwezi uliopita nilitalii Liechtenstein, nchi ndogo ambayo unaimaliza kwa basi kabla ya chai ya saa kumi. Nikiwa chini ya kasri lao la mlimani, nilimpigia mama simu, tukaongea Kikisii. Mzee mmoja Mwafrika aliyekuwa ameketi kwenye benchi akageuka ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nilikumbuka alasiri moja nyumbani kwa nyanya, kule Nyamache, tulipomzika mjomba, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa amekwenda Ulaya, barua zikakoma, miaka ikapita hadi watu wakachoka kungoja. Basi wanaume wakakata mgomba uwe badala ya mwili wake, wakauvika koti lake la kanisani, wakaulaza kwenye jeneza. Harufu yake mbichi ilijaa boma zima. Maji yalipoanza kudondoka kwenye pembe za jeneza, niliamini mjomba analia humo ndani. Siku hizi najua ulikuwa utomvu tu.

"Nyanya, na akirudi?" niliuliza.

Nyanya hakuniangalia. Alikuwa akisikiliza udongo ukigonga mbao.

"Tumeshamzika. Atakayekuja si yeye. Akikuita, usiitike."

Sasa yule mzee alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Mwanangu," alisema kwa Kikisii, "wewe ni wa nani?"

Sauti yake ilimfikia mama kwenye simu. Mama akauliza, polepole sana, "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, mama," nilijibu kwa Kiingereza, nikaanza kutembea.